Kompyuta ya Nyumbani Imechoka? Jinsi ya Kuchagua Spea za Maana Bila Kumaliza Bajeti

Kompyuta inachukua dakika kumi kuwaka. Ukifungua kurasa tatu za intaneti, inaganda. Mtoto ana kazi ya shule, wewe una ritani za KRA za kujaza, na fundi wa mtaani ameiangalia mara moja tu akasema, "Hii nunua ingine." Shida ni kwamba pesa ya kununua ingine haipo.

Habari njema ni kwamba kompyuta nyingi za nyumbani zinazoonekana zimekufa huwa zimeshindwa na sehemu moja ama mbili tu. Habari mbaya ni kwamba ukikosea sehemu gani ya kubadilisha, utatumia elfu tano na kompyuta ibaki vile vile. Pesa hiyo hairudi kwa urahisi.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne: jinsi ya kujua tatizo liko wapi, spea gani inafaa kununuliwa kwanza, jinsi ya kupiga hesabu ujue kama inafaa kurekebisha ama kuacha, na jinsi ya kulipa ukiwa salama. Tutazungumzia zaidi kompyuta za mezani, zile za mtumba kutoka ng'ambo ambazo nyumba nyingi na saiba nyingi Kenya zinatumia, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Lakini mambo mengi hapa yanafanya kazi hata kwa laptopu.

Hatua ya 1: Jua ulicho nacho kabla ya kutoa hata shilingi

Usiende dukani na maneno "kompyuta yangu iko slow." Ukisema hivyo, utauziwa chochote kilichoko kwenye rafu. Nenda na majibu.

Kwanza, andika modeli. Iko kwenye stika mbele, juu ama nyuma ya kasha lile tunaloita CPU. Kwa mfano: Dell OptiPlex 7020 SFF. Herufi za mwisho ni muhimu. SFF ni kasha dogo na jembamba, na spea zake nyingine hazifanani na za kasha kubwa la modeli ile ile.

Pili, kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ingia sehemu ya Performance uangalie vitu vitatu ukiwa unatumia kompyuta kama kawaida yako:

- Disk. Ikiwa inakaa kwa asilimia 100 muda mrefu hata ukifanya kitu kidogo, diski ndiyo inakuchelewesha.
- Memory. Ikiwa imejaa zaidi ya asilimia 85 ukiwa na kurasa chache tu wazi, RAM ni kidogo. Hapo hapo utaona pia una RAM kiasi gani na nafasi ngapi zimetumika, kwa mfano 1 kati ya 2.
- CPU. Ikiwa inapanda juu kidogo na kushuka, prosesa iko sawa. Ikikaa juu wakati wote bila sababu, mara nyingi ni programu fulani ama virusi, sio prosesa kuzeeka.

Tatu, soma jina la prosesa. Nambari inakuambia kizazi chake. Core i5-4590 ni kizazi cha 4. Core i5-8500 ni cha 8. Core i5-10400 ni cha 10. Kariri hii, tutaihitaji baadaye.

Piga picha za hizo skrini kwa simu. Ukifika dukani, onyesha picha. Muuzaji akiona unajua unachotaka, mazungumzo yanabadilika.

Hatua ya 2: Anza na vitu vya bei ya chini kabisa

Kuna matatizo ambayo watu hununulia kompyuta nzima na dawa yake ni ya bei ya soda.

*Betri ya saa.* Ukiwasha kompyuta na tarehe imerudi miaka nyuma, ama inakuuliza ubonyeze F1 kila asubuhi, hiyo ni betri ndogo ya duara kwenye mazabodi. Inaitwa CR2032, na inapatikana hata kwenye maduka ya saa. Tarehe ikiwa si sahihi, tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu za usalama. Mtu anafikiri intaneti imeharibika, kumbe ni betri.

*Vumbi.* Feni ikipiga kelele kama ndege inayopaa na kompyuta inajizima yenyewe, huenda ni joto. Zima, chomoa waya ya stima, fungua kasha, safisha kwa brashi laini. Kama kompyuta ina miaka zaidi ya mitano na haijawahi kufunguliwa, mwambie fundi abadilishe pia ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na feni. Ikikauka, joto halitoki.

*RAM iliyolegea.* Kompyuta inapiga milio na skrini inabaki nyeusi? Mara nyingi ni RAM haijakaa vizuri. Ikitolewa, ikapanguswa sehemu zile za rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli na kurudishwa, inawaka.

Fanya hivi vyote kwanza. Kama bado kuna shida, sasa tuzungumze spea.

Spea ya kwanza: SSD

Kama kompyuta yako bado ina hadidiski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, na una pesa ya spea moja tu, nunua SSD. Hakuna kitu kingine kitakachobadilisha kompyuta ya zamani kiasi hicho.

Sababu ni hii. Hadidiski ni kama karani anayezunguka ghala kutafuta faili moja moja. Hata ikisoma faili kubwa kwa mfululizo, nyingi hupata kati ya megabaiti 100 na 150 kwa sekunde, na zikianza kurukaruka kutafuta vipande vidogo zinashuka sana. SSD haina kitu kinachozunguka. SSD ya kawaida ya SATA husoma hadi karibu megabaiti 550 kwa sekunde, na hizo kuruka haizijali kabisa. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa inaweza kuwaka kwa chini ya dakika moja bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Ya kuzingatia ukinunua:

1. Aina. SSD ya SATA ya inchi 2.5 itaingia karibu kila kompyuta ya mezani unayoweza kukutana nayo leo. Ile ndogo kama ubao wa chingamu inaitwa M.2, nayo ina aina mbili: M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe. Zinafanana kwa macho lakini hazibadilishani hivi hivi. Kama hujui mazabodi yako inakubali ipi, chukua ya inchi 2.5. Hiyo haina mambo mengi.

2. Ukubwa. Kwa kazi za nyumbani, GB 240 ama 256 inatosha kwa Windows, programu na faili za kila siku. Usitupe hadidiski yako kama bado ni nzima. Iache ndani iwe kabati la picha na video. Hakikisha tu una waya ya ziada ya SATA.

3. Mpya, sio mtumba. SSD ina kiwango cha kuandikwa ambacho kikiisha imeisha. Huwezi kujua kwa macho ya kwanza imetumika vipi. Ukilazimika kununua ya mtumba, mwambie muuzaji aichomeke na afungue programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Itakuonyesha hali ya diski na masaa ambayo imekaa ikiwa imewashwa. Akikataa, ondoka.

4. Ogopa ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa. SSD ama flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 128 karibu kila mara ni feki. Imeseti kudanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake, na ukijaza faili zinapotea. Programu ya bure ya H2testw inaijaza na kuisoma tena, ukweli unajulikana.

Kabla fundi hajagusa diski, toa nakala ya faili zako kwenye flashi ama hadidiski ya nje. Picha za familia hazina duka.

Spea ya pili: RAM

RAM ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, unashusha na kupandisha vitu kila dakika. Kwa GB 4, kivinjari cha intaneti chenye kurasa kadhaa kinatosha kujaza meza. GB 8 ndiyo inafaa nyumba nyingi: ritani, kazi za shule, masomo ya Zoom, barua na video. GB 16 ni ya wale wanaohariri video ama wanaofungua programu nzito pamoja. Kama hufanyi hivyo, acha pesa mfukoni.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa sababu RAM nyingi zinafanana lakini haziingiliani:

- Kizazi. DDR3, DDR4 na DDR5 haziwezi kubadilishana. Kila moja ina mkato wake mahali tofauti, na haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Ukiona fundi anaisukuma kwa nguvu, msimamishe. Kompyuta za Intel kizazi cha 4 kama OptiPlex 7020 hutumia DDR3.
- Ya mezani ama ya laptopu. Ya laptopu ni fupi, karibu nusu ya urefu. Lakini kumbuka, kompyuta ndogo za mezani zinazotoshea nyuma ya skrini pia hutumia ile fupi.
- RAM ya seva. Hii ndiyo mtego. Utapata RAM ya GB 8 ama 16 kwa bei nzuri ajabu, imetoka kwenye seva. Seva nyingi hutumia RAM ya aina nyingine, na kompyuta ya kawaida haiwaki nayo. Stika yake mara nyingi ina herufi R baada ya nambari za kasi, kama PC3-12800R, ama neno REG. Iache.
- Windows ya biti 32. Kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka GB 16. Fungua Settings, kisha System, kisha About uone. Ikiwa ni 32, panga kuweka ya 64 wakati unabadilisha SSD.

Swali linaloulizwa sana: ninunue moja ya GB 8 ama mbili za GB 4? Mbili zinazofanana hufanya kazi kwa pamoja na huwa na kasi kidogo, hasa kama kompyuta haina kadi yake ya picha. Lakini kama mazabodi ina nafasi mbili tu, moja ya GB 8 inakuachia nafasi ya kuongeza mwaka ujao. Kwa bajeti ndogo, ongeza kwenye ile uliyo nayo. Una GB 4? Ongeza GB 4 ya aina ile ile. Umefika.

Tofauti na SSD, RAM ya mtumba haina shida sana. Haichakai kama diski. Ijaribu tu kabla ya kulipa.

Spea ya tatu: pawa saplai

Hii ndiyo spea isiyo na sifa lakini ikiharibika vibaya inaweza kuondoka na mazabodi na diski. Dalili zake: kompyuta haiwaki kabisa, inazima ghafla bila onyo, ama kuna harufu ya kuungua.

Mambo matatu:

*Kwanza, kompyuta za ofisi zina pawa saplai zao.* OptiPlex na EliteDesk za kasha dogo hazikubali ile ya kawaida ya dukani. Umbo ni tofauti, na mara nyingi hata plagi za ndani ni tofauti. Usinunue kwa kukisia. Itoe ile ya zamani, uende nayo, ama piga picha stika yake na plagi zake zote.

*Pili, usiamini namba kubwa ya wati iliyoandikwa nje.* Soma stika uone laini ya volti 12, maana hapo ndipo prosesa na kadi ya picha hula. Zidisha volti kwa ampia. Kama imeandikwa 500W kwa herufi kubwa lakini laini ya volti 12 ni ampia 18, basi 12 × 18 ni wati 216 tu. Hiyo 500 ni mapambo. Alama ya 80 PLUS ni dalili nzuri kwenye pawa saplai mpya, ingawa alama pia huigwa, kwa hivyo nunua duka linalotoa waranti.

*Tatu, angalia swichi nyekundu ya nyuma.* Pawa saplai nyingine za zamani zina swichi ndogo ya 115 na 230. Stima yetu ni volti 240. Kompyuta iliyotoka Marekani inaweza kuja ikiwa imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo, utasikia mlio mmoja na moshi. Hakikisha iko 230 kabla ya kuwasha.

Na kwa sababu stima hupotea na kurudi kwa kishindo, weka pesa kidogo kwa kifaa cha kulinda umeme. Ekstensheni ya kawaida sio kinga. Stima ikipotea, zima kwenye ukuta, subiri irudi na itulie dakika chache ndipo uwashe.

Prosesa na mazabodi: hapa fikiria mara mbili

Kwa bajeti ndogo, hizi mbili mara nyingi ndizo mstari wa kusema "imetosha." Prosesa haiingii kwenye mazabodi yoyote. Vizazi vingi hutofautiana kwa soketi, na hata soketi zenye jina moja zinaweza kukataana: Intel kizazi cha 6 na 7 hutumia soketi LGA1151, kizazi cha 8 na 9 pia LGA1151, lakini mazabodi za wale wa kwanza hazikubali prosesa za wale wa pili. Kubadilisha mazabodi kunaweza kukulazimisha kubadilisha RAM pia, na kwa kompyuta za Dell na HP, hata kasha na pawa saplai. Ulianza na spea moja, sasa unajenga kompyuta nzima kipande kwa kipande, kwa bei ya juu.

Kuna jambo lingine. Microsoft ilisimamisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji angalau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, karibu zote ni kuanzia kizazi cha 8. Kama yako ni kizazi cha 4, SSD na RAM zitaipa kasi lakini hazitaifanya ikubalike rasmi kwa Windows 11. Una njia mbili: uweke mfumo wa bure kama Linux Mint ama Ubuntu, ambao unatosha kwa intaneti, barua na kazi za shule, ama uanze kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu. Habari nzuri ni kwamba SSD utakayonunua leo utahama nayo.

Hesabu: nirekebishe ama niache?

Tuchukue mfano. Familia ina OptiPlex 7020 yenye RAM ya GB 4 na hadidiski ya GB 500. Bajeti ni shilingi 10,000. Wamezunguka maduka matatu, wakapewa bei hizi. Ni za mfano tu. Bei hupanda na kushuka, uliza zako.

- SSD mpya ya GB 256: Sh3,500
- RAM ya mtumba ya GB 4 DDR3: Sh1,000
- Betri ya CR2032: Sh100
- Pesti ya prosesa: Sh300
- Kazi ya fundi pamoja na kuweka mfumo upya: Sh1,000
- Jumla: Sh5,900

Sasa tumia kanuni ya nusu. Tafuta bei ya mashine ya mtumba ya kizazi kipya zaidi, iliyojaribiwa na yenye waranti. Tuseme ni Sh20,000. Nusu yake ni Sh10,000. Kama spea zote pamoja na fundi hazifiki nusu, rekebisha. Kama zinapita, acha na uweke akiba. Hapa 5,900 iko chini, kwa hivyo rekebisha. Lakini fundi akiongeza mazabodi na prosesa za Sh9,000, jumla inakuwa 14,900. Hapo simama. Unalipa karibu robo tatu ya bei ya mashine mpya zaidi ili ubaki na ya zamani.

Na sio lazima ununue zote siku moja. Nunua SSD kwanza. Tumia wiki mbili. Ikiwa kompyuta sasa inakutosha, ile pesa ya RAM ni yako.

Pesa ikiwa haijafika, usikimbilie mkopo wa simu kwa sababu ya spea. Piga hesabu: ukikopa Sh5,000 kwa ada ya asilimia 9 kwa mwezi, utalipa Sh5,450. Ukishindwa na ukaongezewa mwezi mwingine kwa ada ile ile, inakaribia Sh5,940. Lakini ukiweka Sh200 kila siku kwenye akiba uliyofunga ya simu, kwa siku 30 una Sh6,000, na hizo 5,900 zimepatikana bila deni. Akiba haiozi.

Ukifika dukani: jaribu kwanza, PIN baadaye

Iwe ni Luthuli Avenue jijini Nairobi ama duka la mtaani kwenu Nakuru, Kisumu ama Mombasa, kanuni ni moja. Spea ionyeshe kwamba inafanya kazi kabla pesa haijatoka kwenye simu yako. Ikiwezekana, beba CPU yako. Ndiyo, ni nzito. Lakini kurudi mara ya pili na ya tatu kwa matatu kunagharimu zaidi.

Ukiridhika, lipa hivi:

1. Lipa kwa Till ama Paybill ya duka, sio kwa nambari ya simu ya mtu. "Tuma kwa hii ya kijana wangu, Till ina shida" ni dalili mbaya. Duka likikana baadaye, rekodi yako itaonyesha ulimtumia mtu binafsi.
2. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalotokea linapaswa kulingana na la duka ama la risiti. Kama halilingani, uliza. Kuuliza si ujinga.
3. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jina kamili la spea, nambari yake ya siriali, siku za waranti, na kama waranti ni ya kubadilishiwa ama kurudishiwa pesa. Halafu wewe andika hapo chini kodi ya muamala iliyokuja kwa ujumbe. Piga picha. Karatasi hufifia, picha haififii.
4. Ukinunua mtandaoni kwa muuzaji usiyemjua, lipa ukipokea na ukijaribu. Anayetaka pesa yote kwanza "kwa sababu wateja ni wengi" anakuharakisha kwa sababu yake, sio yako.
5. Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Kurudisha pesa kunawezekana kama bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea. Akishaitoa, inakuwa vigumu. Dakika tano ni nyingi hapo.

Utaona risiti nyingi zimeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo yasikutishe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Ukiuziwa SSD iliyokufa, una mahali pa kusimama, mradi una risiti na rekodi ya malipo. Bila hizo, ni neno lako na lake.

Usisahau: spea ya zamani nayo ni pesa, na ni hatari

RAM uliyotoa ama hadidiski ya zamani inaweza kuuzwa na kupunguza gharama. Lakini diski yako ina nakala za kitambulisho, PIN ya KRA, taarifa za malipo, pengine hata nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari. Kufuta faili kwa kawaida hakutoshi; mtu mwenye programu ya kurejesha anazipata. Mwambie fundi aifute diski nzima kwa kuiandika upya, ukiwa umesimama hapo. Kama imekufa na haifutiki, usiiuze. Itoboe.

Na ukimuuzia mtu, usimpe kitu kwa sababu tu umeona ujumbe wa "umepokea." Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Muhtasari wa kubeba dukani

- Nina modeli kamili, picha za Task Manager na aina ya RAM yangu.
- Nimesafisha vumbi na kuangalia betri ya saa.
- Nimetoa nakala ya faili zangu.
- SSD kwanza, RAM ya pili, pawa saplai kama kuna dalili. Mazabodi na prosesa, nifikirie tena.
- SSD na pawa saplai nizinunue mpya. RAM inaweza kuwa ya mtumba.
- Jumla na fundi haipiti nusu ya bei ya mashine mbadala.
- Nimejaribu, nimesoma jina, ndipo PIN.
- Risiti ina siriali, waranti na kodi ya muamala.

Jipime

Kompyuta yako ni ya kizazi cha 7, ina RAM ya GB 8, na Task Manager inaonyesha Disk iko asilimia 100 huku Memory ikiwa asilimia 50. Fundi anasema uongeze RAM hadi GB 16 na ubadilishe prosesa iwe ya kizazi cha 8. Utamjibu vipi?

Kama umesema, "RAM yangu haijajaa, mazabodi yangu haikubali hiyo prosesa, niwekee SSD," somo limeingia. Mtumie mtu mwingine nyumbani ama kwenye chama chenu ambaye anakaribia kununua kompyuta asiyoihitaji.